Mizani

Mizani ya chumba chetu cha upasuaji
ilinunuliwa soko kuu la Mtwara, duka la vyombo,
ya kupimia unga wa keki.
Karani wake ni mimi.

Kitambaa kikavu: gramu ishirini.
Kikirudi kutoka nyongani mwa mtu
kimelowa, kinanata kwenye glovu,
nakiweka juu, nasoma, natoa ishirini.
Gramu moja, mililita moja,
tumekubaliana hivyo.

Leo mezani yuko Binti Nandonde wa Kitangari,
nyonga ya kulia imesagika kama kinu cha urithi.
Misimu minne ameokota korosho
akijiburuza kwa makalio, shina hadi shina,
ndoo mbele, yeye nyuma.

Wiki sita zilizopita tulimrudisha kwao.
Damu ilikuwa tisa. Mwanawe aliwaka:
nauli ya watu watatu, mnaturudisha kwa tisa?
Daktari Chilumba akamjibu, hata hakupandisha sauti,
kwamba hatoki mtu Newala kwenda Dodoma
na tangi nusu.
Akapewa vidonge vya madini ya chuma, dawa ya minyoo,
akaambiwa asivimeze kwa chai.
Akanivuta pembeni wiki ya pili, kliniki,
kuniuliza kama choo cheusi ni dalili ya kufa.

Amerudi na kumi na mbili na nukta tatu.

Selemani wa usingizi amemchoma mgongoni,
kisha dawa ya kuishika damu isikimbie,
polepole, jicho kwenye saa.
Msumeno. Nyundo. Ufundi seremala mtupu.
Mia moja themanini, nasema.
Mia tatu na kumi.
Chupa ya kufyonza nayo naisoma,
natoa maji ya kuoshea.
Mia nne sabini.

Baba yangu aliachana na mizani ghalani:
gunia alilolibeba mwenyewe
lilipungua kilo sita kati ya mlango na meza.
Hakugombana. Aliutazama mshale tu,
kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.
Na mwalimu wa Kiswahili alinichapa kwa mizani,
mishororo yangu ikizidi, ikipungua.
Nahesabu kwa vidole hadi leo.
Nangoja namba itulie.

Kwenye friji ya maabara kuna chupa mbili, kundi O,
zina jina la Binti Nandonde.
Moja katoa mjukuu, kidato cha nne,
akapewa soda na biskuti,
akaona haya kusema kwamba alizimia.

Saa nne na robo simu ya ukutani.
Wodi ya wazazi. Uzao wa tano, kondo limetoka,
damu haikomi. O.
Hakuna nyingine ila hizo mbili.

Macho yote juu ya barakoa yakanigeukia,
mimi ninayepima matambara.
Nikaweka la mwisho.
Mia tano arobaini, hamsini na tisa, hamsini na tano,
hamsini na tano.
Selemani akachukua tone kidoleni: kumi na nukta moja.
Mapigo themanini na mbili.
Chilumba alikuwa anashona, hakuinua kichwa.
"Moja," akasema.
"Zote," akasema Selemani. "Lakini msikate simu."

Sikujua kwamba mkono wa simu una uzito.
Niliushika sikioni mpaka fundo la mwisho,
nikisikia viatu vikikimbia upande wa pili,
mtu akiita jina, akiita tena.

Alasiri mfagiaji ndiye aliyeniletea habari:
yule mama ameomba chai ya rangi.

Mjukuu alinisubiri koridoni, shati la shule.
Bibi yake alikuwa anakunywa uji,
anawalalamikia vidole vya miguu kwa ganzi.
"Damu yangu imefanya kazi?"
Imefanya, nikamwambia.
Akacheka: "Basi sasa ataanza kupenda mpira."

Niliiosha mizani kwa klorini, nikaikausha,
nikabonyeza.
Sifuri ilichelewa kutulia.